Tulipika data chini ya mwembe, aliyelipa ni mjomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu ila usiikate sana maana hili jambo nimekaa nalo miaka zaidi ya kumi na tano na sijawahi kulisema mbele za watu. Mi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba, lakini zamani nilikuwa mdadisi, yaani wale vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na mafomu, mzee una miti mingapi, mama maji unachota wapi, jana mmekula mara ngapi. Kilichonifanya niandike ni kikao cha kijiji cha juzi juzi hapa, alikuja kijana na kishikwambi akatusomea matokeo ya utafiti, mzee mmoja akanyanyuka akamuuliza "mwanangu hizo namba mmezitoa wapi, mbona kwangu hamkufika?" watu wakacheka, kijana naye akacheka, kikao kikaendelea. Mi sikucheka, kwa sababu nishawahi kuwa yule kijana.

Ilikuwa hivi. Utafiti wenyewe ulikuwa wa kilimo, hela ya serikali, taasisi siitaji na wala haina haja maana mkono uliojaza ni wangu. Tulitakiwa madodoso kumi kwa siku, kila dodoso kurasa kumi na nne, na malipo ni kwa dodoso lililojaa sio kwa siku. Sasa dodoso moja ukilifanya kwa haki ni saa moja na nusu, maana mzee wa Kimakonde hakujibu mambo ya miti kama anamjibu karani wa benki, kwanza utatandikiwa mkeka, utaulizwa wewe mtoto wa nani, kwenu wapi, shikamoo za kutosha, afu ndo mtafika kwenye miti, na hiyo miti yenyewe mingine ya marehemu kaka yake, mingine kaiweka rehani mpaka msimu uishe, mingine wanagombania na shemeji. Piga hesabu, kumi mara saa moja na nusu. Siku haina masaa hayo. Na kijiji cha mwisho kilikuwa ng'ambo ya bonde, mvua imepiga usiku kucha, pikipiki imezama kwenye tope mpaka kwenye mnyororo.

Tukakaa chini ya mwembe mimi na mwenzangu, tukanunua mihogo ya kuchemsha, tukajaza madodoso kumi na moja. Mchana tulikuwa tushamaliza.

Watu wanadhani kupika data ni kujaza ovyo, hapana, inataka akili, sisi tulikuwa makini kweli kweli kwamba namba zisifanane. Umri wa mkuu wa kaya tukaandika 37, huyu 42, huyu 51, huyu 63, huyu 58, tukazitawanya vizuri tukajipongeza. Miaka mingi baadaye ndo nikaja kujua kumbe hapo ndo tulipojichoma wenyewe, maana ukienda kijijini kweli ukauliza wazee umri utapata 50, 60, 60, 65, 70, 70, kwa sababu wengi hawakuandikwa kokote, mtu anakwambia nimezaliwa wakati wa vita ya Hitler, mwingine anasema Uhuru unakuja mi nshaanza kuchunga mbuzi, basi unakadiria mwenyewe unaweka 70. Data ya kweli ya kijijini ina matuta kwenye sifuri na kwenye tano. Ya kwetu ilinyooka kama lami mpya. Mtu anayejua kazi yake angeziweka zile fomu kumi na moja pembeni ya nyingine dakika kumi tu angesema hizi hazijatoka kwa watu. Hakuna aliyeziweka. Supavaiza alihesabu kurasa, akasaini, tukalipwa.

Sasa nifike penyewe. Kulikuwa na swali la salfa, msimu uliopita ulipuliza raundi ngapi. Wasomaji wako wa mikoa mingine pengine hawajui, mkorosho ukianza kutoa maua mwezi wa sita wa saba unaingiliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama mtu kamwaga unga wa ngano kwenye maua, ukiuacha maua yanakauka hukuti kitu. Ushauri tuliofundishwa ni salfa ya unga, gramu 250 kwa mti, raundi tano, kila baada ya wiki mbili, na unapuliza alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani. Sisi kwenye swali lile tukaandika tano, tano, tano, moja moja tukaweka nne ili ionekane kuna watu wavivu. Tuliandika tano kwa sababu ndo jibu la darasani. Ila kijiji kile nakijua, ni kwa mama yangu mzazi, na ukweli wake ni kwamba watu walikuwa wanapuliza mara mbili, wakijitahidi tatu, mfuko mmoja wanagawana ndugu watatu, na wengine salfa iliwafikia maua yashaungua.

Ona sasa kinachotokea. Kwenye karatasi mkulima kapuliza raundi tano na mti umetoa kilo tatu. Wewe msomi uliyekaa ofisini na kompyuta yako, mtu mwema kabisa na huna nia mbaya na mtu, utasemaje? Utasema dawa ipo, mkulima anafuata ushauri, mavuno hakuna, basi tatizo ni mti, mti umezeeka. Hutasema tatizo ni salfa kuchelewa, hutasema tatizo ni mfukoni kwa mkulima, maana hilo nimekuficha mimi pale kwenye mwembe. Na hapa ndo naomba watu wanielewe, namba ya uongo haikai pale ilipoandikwa ikatulia, inahamisha lawama, inaitoa kwa mtu inampa mti.

Baada ya misimu miwili wakaja mabwana shamba na ujumbe wa kukata mikorosho mikongwe na kupanda mipya. Ushauri wenyewe sio mbaya, nisije nikaeleweka vibaya, miti mingi huku ni ya enzi za mababu na mingine kweli imechoka. Mjomba wangu akakata thelathini. Mkorosho mpya mpaka uanze kukupa kitu cha maana unahesabu miaka mitatu, minne, mitano, na hiyo miaka katikati mtoto wake wa pili akaacha shule akaenda kubeba mizigo. Sasa siwezi kuapa kwamba ni zile fomu zetu kumi na moja, zilikuwa kumi na moja kati ya mamia, na pengine ushauri ungekuja vilevile. Ila mi najua mwembe ule ulikuwa mmoja na wadadisi tulikuwa wengi. Mjomba kafariki 2019, Mungu amrehemu, sikuwahi kumwambia.

Kuna mtu atasoma hapa aseme hao ni vijana wa posho, wanasayansi wenyewe wenye maabara hawafanyi hivyo. Wanafanya, na hela wanazofanyia ni za walipa kodi. Marekani kwenye chuo kikuu cha jimbo la Iowa alikuwepo mtafiti anaitwa Dong-Pyou Han, walikuwa wanatafuta chanjo ya Ukimwi kwa fedha za taasisi ya taifa ya afya ya huko, wanachanja sungura wanaangalia kama damu yake inatengeneza kingamwili. Damu ya sungura ikaonyesha kingamwili safi kabisa, dunia ikafurahi, hela zikaongezwa. Kumbe jamaa alikuwa anachukua kingamwili za binadamu anazitia kwenye damu ya sungura. Yaani kaunga mchuzi. Waligundua baada ya sampuli kupimwa upya na watu wa maabara nyingine, na 2015 mahakama ikamfunga miezi 57 na kumtaka arudishe dola milioni 7.2. Hizo hela tuseme zirudi zote, sawa, lakini miaka ile ambayo wenzake walikuwa wanaifuata ile njia ya uongo wakidhani inaelekea kwenye chanjo, nani anairudisha? Mi kwetu nimezika watu wa Ukimwi, hiyo habari nilivyoisoma niliiweka simu chini nikatoka nje.

Mwingine Eric Poehlman, Chuo Kikuu cha Vermont, profesa mkubwa wa mambo ya uzee na unene. Huyu aligunduliwa na kijana wa maabara wa miaka 24 tu, Walter DeNino, ambaye aliona matokeo ya mafuta ya kwenye damu za wazee hayaendi vile bosi wake alivyotaka, bosi akachukua faili akakaa nalo, lilivyorudi namba zimegeuka, zilizoshuka zimepanda na zilizopanda zimeshuka. Kijana akaenda kufukua madaftari ya wagonjwa usiku usiku kulinganisha. Ikaja kubainika profesa alishadanganya kwenye maombi 17 ya fedha za serikali, na kuna utafiti wa wanawake 35 wanaofikia ukomo wa hedhi ambao alidai aliwapima mara mbili kwa kupishana miaka wakati wengi wao hakuwapima hiyo mara ya pili. Unaona? Na yeye alikuwa na mwembe wake. Tofauti ni kwamba wa kwake ulikuwa na kiyoyozi. Mwaka 2006 alifungwa mwaka mmoja na siku moja.

Halafu kuna Duke, chuo chenye jina kweli, mambo ya mapafu ya panya, aliyepika ni mfanyakazi wa maabara na miaka ikapita ripoti zinatumika kuombea fedha nyingine na nyingine, mwisho 2019 chuo kikakubali kulipa dola milioni 112.5. Aliyefichua alikuwa mfanyakazi mwenzao, na sheria ya kwao inampa mtoa taarifa sehemu ya hela iliyookolewa, akapata dola milioni 33.75. Linganisha na Korea Kusini, Hwang Woo-suk aliyedai katengeneza kwa kunakili seli shina za binadamu, yaani zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, serikali ikamwaga fedha, wakamtolea mpaka stempu ya posta, na ilipogundulika ni uongo yule kijana aliyetoboa siri ndo ikabidi aache kazi kwa jinsi watu walivyomchukia. Hwang alihukumiwa 2009, kifungo cha nje.

Nimeyataja haya ya mbali ili watu waache kuona kama ni tabia ya maskini. Ila mi nataka turudi nyumbani, maana sisi kusini tunajua pande zote mbili za hii shilingi kuliko watu wengi.

Nenda Nachingwea uulize wazee habari za karanga. Mwaka 1946 Waingereza walituma tume ya watu watatu, wakazunguka nchi kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiangalia kwa ndege, wakarudi na ripoti kwamba ardhi ipo, mvua ipo, karanga zitajaa mpaka mafuta ya kupikia Uingereza yawe ya kumwaga. Rekodi za mvua zilikuwa chache, udongo haukupimwa inavyotakiwa, ila London ilikuwa na njaa ya jibu la ndiyo na ikaletewa ndiyo. Kufika 1951 mradi umekufa na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zimepotea Kongwa, Urambo na hapo Nachingwea, reli iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya karanga ikaja kung'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Mi sisemi wale watu watatu walipika data, hapana, ninachosema ni kwamba bosi akishaonyesha jibu analolitaka, namba zenyewe zinaanza kumtii. Hata sisi chini ya mwembe hakuna aliyetuambia danganya, walituambia tu kesho saa mbili asubuhi nataka kumi.

Na upande wa pili ni salfa yenyewe. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilitoa tani 145,000 za korosho, katikati ya miaka ya 80 tukashuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, watu kuhamishiwa vijijini wakaacha mashamba, bei mbovu, na ubwiriunga ambao mwishoni mwa miaka ya 70 ndo ulianza kuonekana huku. Watafiti wa Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo hapo Mtwara, wakakaa na huo ugonjwa miaka. Hizo gramu 250 ninazozitaja kama sala hazikushuka kutoka mbinguni, kuna mtu aliamka saa kumi na moja alfajiri akasimama kwenye umande na mizani, mti huu kidogo, mti ule zaidi, huu usipulizwe kabisa tuone, akahesabu kokwa kwa kokwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Salfa sio kila kitu, bei nayo ilisaidia na miche mipya ilisaidia, lakini 2017/18 tulifika tani zaidi ya 300,000. Sasa jiulize yule mtu angechoka siku moja, akasema aah, huu mti wa mbali naukadiria tu. Leo ningekuwa napuliza gramu za mwembe, na mashine nimekodi, na mafuta nimekopa.

Kuna na hili la damu, nalo sio dogo. Katikati ya miaka ya 2000 wilaya tano za huku, Tandahimba, Newala, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini, ulifanyika utafiti wa kuwapa watoto wachanga dozi ya SP, dawa ya malaria, wanapoenda kliniki kwa chanjo ili malaria iwapungue. 2010 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza utaratibu huo kwa nchi za huku Afrika zenye malaria nyingi, kwa kutumia matokeo ya sehemu mbalimbali. Kinamama wa huku walitoa vidole vya watoto wao vitobolewe. Na hapa ni kusini jamani, habari za mumiani zipo mpaka kesho, mtu akiona gari geni na watu wanachukua damu anaita wenzake. Mama anayekubali hivyo kashinda woga wake na wa mama mkwe wake. Siku akisikia damu ya mtoto wake ilimwagwa na namba ikaandikwa kutoka kichwani, usitegemee atatoa kidole tena, na wala usimwite mjinga.

Ninachoomba sasa. Kwanza muwalipe wadadisi kwa siku sio kwa fomu, hili peke yake lingeua nusu ya miembe. Na supavaiza asihesabu kurasa, arudi kwenye kaya moja kati ya kumi bila kumwambia mdadisi aulize upya maswali matatu tu, miti mingapi, raundi ngapi, je kijana alifika hapa kweli. Siku hizi vishikwambi vinaonyesha ulijazia wapi, sawa, lakini nimeona vijana wanakaa wote kwenye baraza moja la nyumba wanajaza kijiji kizima na hiyo ramani inaonyesha wapo kijijini, kwa hiyo mashine isiwape watu usingizi. Na matokeo yarudi kijijini yakiwa bado mabichi kabla ya ripoti kuchapwa, yabandikwe ofisi ya kijiji hata bila majina, kijiji hiki tumeambiwa asilimia kadhaa wanapuliza raundi tano, ni kweli? Yule mzee aliyesema kwangu hamkufika ni mkaguzi tosha na hataki posho.

Halafu wakubwa mkubali jibu la hapana. Utafiti ukisema mbegu hii haikufanya vizuri, dawa hii haina tofauti na ile ya zamani, msione kama hela imepotea na mtafiti msimnyime hela ya mwakani, maana mkimnyima kwa sababu hiyo mnamfundisha kupika. Na kijana wa maabara au mdadisi akiona bosi anageuza faili awe na mahali pa kwenda. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tunayo tangu 2015, ila nenda kamuulize mdadisi yeyote aliye kwenye mkataba wa wiki tatu kama anaijua, na kama akiijua atathubutu. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, wapo, wanatoa vibali vya utafiti, ningependa kila kibali kitoke na namba ya simu iliyoandikwa kubwa kwamba ukiona data inapikwa piga hapa, na apokee mtu.

Najua kuna watakaoniuliza mbona unasema leo, ulikuwa wapi. Nilikuwa nakula hela ya zile fomu, nilinunulia baiskeli. Mwenzangu tuliyekaa naye chini ya mwembe sasa ni mtu mzima ana kazi nzuri, jina lake halitatoka kwangu.

Kwa kumalizia, na hii naandika maalumu kwa wale vijana wa vishikwambi ambao nasikia watarudi huku mwezi wa nane. Shamba langu lina mikorosho 62, tisa kati ya hiyo haizai. Msimu uliopita nilipuliza raundi tatu, sio tano, ya nne salfa iliniishia katikati ya shamba kwenye mti wa ishirini na kitu, sikumbuki hasa. Andikeni tatu.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara.